Vali ya moyo na damu ya B hasi: uchambuzi wa kisa kimoja Nairobi

Mgonjwa ni mama wa miaka 34, muuza mitumba Gikomba, uzani kilo 52, mama wa watoto wawili. Vali yake ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza na maumivu ya koo ya bakteria wa streptokokasi ambayo hayakutibiwa, kisha miaka baadaye unaonekana moyoni. Alipofika kwetu vali ilikuwa imekakamaa, mlango umebaki mwembamba, moyo unapiga bila mpangilio, na kupanda ngazi za ghorofa ya pili kulikuwa kunamshinda. Alikuwa anatumia warfarini ili damu isigande ndani ya chumba cha kushoto cha juu cha moyo, pamoja na dawa za kupunguza maji mwilini. Uamuzi wa kumbadilishia vali ulikuwa umeshafanywa na tarehe ya thieta ipo.

Kisha majibu mawili ya maabara yakabadilisha mazungumzo yote. Himoglobini, ile sehemu ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ilikuwa 9.4, yaani damu pungufu. Kundi la damu, B hasi, yaani chembe nyekundu zisizo na alama iitwayo Rh.

Makundi hasi ni machache sana Kenya, na B hasi ni adimu zaidi. Mwanamke ambaye bado anaweza kuzaa hapewi chembe nyekundu za Rh chanya ila maisha yake yakiwa hatarini, kwa sababu mwili unaweza kutengeneza kingamwili zitakazomshambulia mtoto wa mimba ijayo. Kwa hiyo ilibidi tutafute B hasi au O hasi. Mume wake na shemeji yake walizunguka, wakatuma ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisa, ya chama na ya soko. Waliojitokeza walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa chanya. Hatimaye zilipatikana chupa mbili. Kwa upasuaji wa vali, mbili ni akiba ya kutia hofu.

Ninaandika kisa hiki kwa sababu watu wakisikia upasuaji wa moyo uliofanyika bila kuongezewa damu, sifa zote huenda kwa mikono ya daktari mpasuaji. Mikono ile ina sehemu yake. Ila mimi ni muuguzi niliyemwona mama huyu kliniki kabla ya upasuaji na ICU baada yake, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya damu yake iliokolewa wiki tano kabla hajakatwa, na nyingine ikaokolewa kando ya kitanda, usiku.

Hesabu iliyosogeza tarehe

Daktari wa nusukaputi ndiye aliyeomba upasuaji uahirishwe, na alikuja na hesabu kwenye karatasi. Mtu mzima wa kike ana takriban mililita 65 za damu kwa kila kilo ya uzani. Kilo 52 ni kama lita 3.4. Sasa, ili moyo usimamishwe na kufunguliwa, damu hupitishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, na mirija ya mashine hiyo hujazwa kwanza maji ya dripu. Kwa mashine yetu ni kama lita 1.4. Maji hayo huchanganyika na damu ya mgonjwa papo hapo, kama uji ulioongezwa maji sufuriani: unga ni uleule, uzito umepungua.

Himoglobini ya 9.4 ndani ya lita 3.4, ikitandazwa kwenye lita 4.8, inakuwa 6.7. Hapo hajapoteza hata tone. Timu nyingi za moyo huongeza damu ikishuka chini ya 7.5 au karibu na hapo. Kwa hiyo chupa ya kwanza ya B hasi ingeisha kabla vali haijaguswa, na sababu isingekuwa kutokwa na damu bali maji ya mashine.

Mwanamume wa kilo 85 mwenye himoglobini 14 hahisi kitu kwa maji hayohayo. Ndiyo maana wanawake wembamba wenye upungufu wa damu huongezewa damu mara nyingi zaidi kwenye upasuaji wa moyo, na hapa kwetu wagonjwa wa vali wengi ni wanawake vijana wa namna hiyo hasa.

Daktari wa moyo hakufurahia kuahirisha. Hoja yake ilikuwa ya haki: vali iliyobana haimngoji mtu, na mgonjwa akijaa maji kwenye mapafu katikati ya kusubiri tutajilaumu. Walikubaliana hivi: kwa kuwa anapumua vizuri akiwa amelala, hajavimba miguu, na dawa za maji zinamsaidia, apewe wiki tano, aonwe kila wiki, na akizidiwa siku yoyote apelekwe thieta na chupa mbili zilizopo. Nadhani huo ulikuwa uamuzi bora katika kisa kizima. Mgonjwa aliyezidiwa hastahili kungojeshwa kwa sababu ya himoglobini. Huyu hakuwa amezidiwa.

Damu ilikuwa inaenda wapi

Feritini yake ilikuwa chini kabisa, maana yake ghala la madini ya chuma lilikuwa tupu. Sababu haikujificha, ilingoja tu kuulizwa. Tangu aanze warfarini, hedhi yake ilikuwa inaendelea siku nyingi na nzito, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa sababu kliniki ya moyo huuliza habari za kifua. Yeye alidhani ndivyo dawa ilivyo. Daktari wa wanawake alimpa vidonge vya homoni ya projesteroni vya kusimamisha hedhi mpaka upasuaji upite.

Chuma alipewa kwa dripu, gramu moja iliyogawanywa mara tano, miligramu 200 kila mara. Vidonge vya chuma vingefanya kazi pia, ila polepole, na tumbo la wengi huvikataa. Wiki tano ni muda mfupi, na dripu haipitii tumboni. Alipimwa choo kuangalia minyoo ya safura na damu iliyofichika, vyote havikuwepo. Alipimwa pia kingamwili za damu, kwa kuwa ana watoto wawili na yeye ni hasi. Hakuwa nazo, na hilo lilitupunguzia hofu kubwa.

Halafu kuna vidonge. Kwenye fomu, mahali pa kuandika dawa anazotumia, palikuwa na warfarini, dawa ya maji na dawa ya kupunguza mapigo. Nilimuuliza swali jingine: mgongo ukiuma baada ya kubeba bele za nguo, unanunua nini dukani? Akanijibu, "Sista, hizo si dawa. Ni vidonge tu vya kuumwa mgongo." Alikuwa anameza vidonge viwili vya maumivu vyenye aspirini karibu kila jioni, vya kununua kimoja kimoja kibandani.

Aspirini hulemaza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha kabla ya kitu kingine chochote. Chembe iliyolemazwa hairudi tena. Mwili hungoja itengenezwe mpya, na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Kwa mgonjwa wa mishipa ya moyo iliyoziba, aspirini mara nyingi huendelea mpaka siku ya upasuaji kwa sababu faida yake kwake ni kubwa. Mama huyu hakuwa na sababu hiyo, na juu yake kulikuwa na warfarini. Tulimbadilishia parasetamo. Tangu siku hiyo nawasisitizia wenzangu waulize kuhusu duka na kibanda, kwa sababu swali la dawa hujibiwa na karatasi ya hospitali peke yake.

Warfarini ilisimamishwa siku tano kabla ya upasuaji. Kwa kuwa vali ya namna hiyo na mapigo ya namna hiyo huleta madonge, alidungwa enoksaparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, siku za katikati, na dozi ya mwisho ikawa saa 24 kabla ya thieta. INR, kipimo cha jinsi warfarini inavyochelewesha damu kuganda, asubuhi ya upasuaji ilikuwa 1.1. Himoglobini, 11.8.

Rudia hesabu ya kwanza kwa namba hiyo: 11.8 ikitandazwa kwenye lita 4.8 inakuwa 8.4.

Thieta

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa yaliyofanyika yanajulikana na kila timu inayojali. Mwendesha mashine aliondoa sehemu ya maji ya mirija kwa kuacha damu ya mgonjwa mwenyewe irudi nyuma na kuyasukuma nje, akapunguza kama mililita 400. Kwa hesabu ileile, 8.4 inapanda hadi 9.1. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji kifaa cha ziada, ila inahitaji mwendesha mashine na daktari wa nusukaputi wasemezane, kwa kuwa presha hushuka damu inapotoka.

Alipewa asidi ya traneksamiki tangu mwanzo. Dawa hii iligunduliwa Japani na Utako na Shosuke Okamoto, wakaitangaza mwaka 1962. Huzuia donge la damu lisiyeyushwe mapema, na ndiyo hiyohiyo inayotumika wodi ya kujifungulia. Kwa upasuaji wa moyo ushahidi wake ni mzito. Katika utafiti uliochapishwa 2017 wa wagonjwa zaidi ya 4,600 wa mishipa ya moyo, waliorudishwa thieta kwa sababu ya kutokwa damu au moyo kubanwa na damu walikuwa asilimia 1.4 kwa waliopewa, na 2.8 kwa wasiopewa. Degedege nazo zilionekana zaidi kwa waliopewa, asilimia 0.7 dhidi ya 0.1, kwa hiyo dozi kubwa kupita kiasi si ujasiri. Kwa upasuaji wa kufungua moyo, kama huu wake, hatari ya degedege ni ya kuangaliwa zaidi. Bei yake ukilinganisha na chupa ya damu ni ndogo sana.

Alipewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mirija, kabla ya kuingia kwenye mashine mpaka kipimo cha muda wa kuganda kikapita sekunde 480. Mwishoni ilifutwa na protamini, chini kidogo ya uwiano wa moja kwa moja, maana protamini ikizidi nayo huzuia damu kuganda. Wengi hawalijui hili. Damu ikitiririka baada ya mashine, mkono huenda kwenye protamini nyingine, na nyingine, mpaka dawa inakuwa sehemu ya tatizo.

Mashine ya kuosha damu iliyomwagika wakati wa upasuaji ili arudishiwe mgonjwa ilikuwepo kwa namna ambayo ningependa hospitali nyingi ziige. Vifaa vyake vya kutumika mara moja ni ghali, kwa hiyo lilifunguliwa kwanza tangi la kukusanyia tu, na sehemu ya kuoshea ikaachwa kwenye pakiti mpaka ionekane kama damu iliyokusanywa inatosha. Ilitosha, hasa baada ya kuongeza iliyobaki kwenye mirija ya mashine ya moyo na mapafu. Ikaoshwa, chembe nyekundu zikarudishwa kwake. Tukumbuke kwamba inachorudisha ni chembe nyekundu peke yake. Chembe sahani na protini za kugandisha humwagwa na maji ya kuoshea, kwa hiyo mtu akirudishiwa damu nyingi iliyooshwa bado anaweza kutiririka.

Mpasuaji alipomaliza kushona aliweka vitambaa, akangoja dakika kumi saa ikitazamwa, kisha akakagua tena mahali pa mirija, mshono wa moyo, na kingo za mfupa wa kidari. Palikuwa na tundu moja la sindano linalovuja. Lilishonwa. Dakika kumi za kungoja zinachosha timu iliyosimama tangu asubuhi, na ndizo za kwanza kukatwa watu wakiwa na haraka.

Saa ya tatu

Alifika ICU akiwa na joto la 35.2. Damu baridi haigandi vizuri, hata kama kila dawa imetolewa sawa, kwa hiyo blanketi la hewa ya moto lilitangulia mambo mengine. Kalisiamu, ambayo damu huihitaji ili igande, ilipimwa na kuongezwa. Presha ililindwa isipande juu ya 120, kwa sababu mgonjwa anayeamka kwa maumivu na kutetemeka husukuma presha hadi 150, na mshono uliokuwa mkavu unaanza kulia. Dawa ya maumivu iliyotolewa kwa wakati ni sehemu ya kuzuia damu, ingawa haiandikwi hivyo popote.

Saa ya kwanza mrija wa kutolea damu kifuani ulitoa mililita 190. Saa ya pili, 160. Hizo si namba za kukimbilia thieta. Wengi hufikiria kumfungua tena mgonjwa ikipita kama 400 au 500 kwa saa ya kwanza, au ikiendelea 200 na zaidi saa baada ya saa bila kupungua. Tulirudia kipimo cha muda wa kuganda, kikawa kirefu kidogo. Heparini iliyojificha mwilini hurudi kwenye damu saa chache baadaye. Akapewa miligramu 25 za protamini, kidogo na polepole.

Saa ya tatu mrija ulitoa mililita 20.

Mwenzangu mgeni kwenye kitengo alishusha pumzi ya nafuu, na ningemwelewa yeyote anayefurahi hapo. Lakini presha ilikuwa imeshuka hadi 85, mapigo yamepanda, na presha ya mshipa mkuu wa shingoni imetoka 9 hadi 15. Damu inayokauka kweli haileti picha hiyo. Damu iliyokosa njia ndiyo huileta: inajikusanya kuuzunguka moyo na kuubana usijae. Mrija ulikuwa umejikunja chini ya paja alipogeuzwa, na sehemu iliyoning'inia ilikuwa na donge. Daktari mpasuaji aliitwa saa ileile na thieta ikaambiwa ijiandae. Mrija uliponyooshwa na donge kuondolewa taratibu, zilitoka mililita 130 kwa mkupuo, nyeusi. Presha ya shingoni ikashuka hadi 10, presha ya mwili ikarudi 105. Eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, iliyopigwa kando ya kitanda ilionyesha utando mwembamba tu wa majimaji usioubana moyo. Hakurudi thieta.

Narudia jambo hili kwa wauguzi wenzangu kila nipatapo nafasi: namba ya mrija haisomwi peke yake. Isomwe pamoja na presha, mapigo na mshipa wa shingoni. Mrija ulionyamaza ghafla kwa mgonjwa aliyekuwa anatoka damu ni wa kuogopwa kuliko unaotoa mililita 150.

Kwa saa 12 za kwanza jumla ilikuwa mililita 690.

Tumpe, tusimpe

Alfajiri himoglobini ilikuwa 7.9. Daktari kijana wa zamu alikuja na fomu ya benki ya damu tayari. "Sista, tumpe moja? Si ziko?"

Swali lake halikuwa la kijinga. Utafiti mkubwa wa 2017, wa wagonjwa zaidi ya 5,000 wa upasuaji wa moyo katika nchi 19, ulilinganisha kungoja mpaka 7.5 na kuongeza mapema kwenye 9.5 ukiwa thieta au ICU. Waliongojewa hawakuwa na matokeo mabaya zaidi, na walioongezewa damu walikuwa asilimia 52 badala ya 73. Ila miaka miwili kabla, utafiti wa Uingereza wa wagonjwa zaidi ya 2,000 ulikuta vifo vya siku 90 vikiwa asilimia 4.2 kwa kundi la 7.5, na 2.6 kwa kundi la 9. Mtu anayezijua namba zote mbili hawezi kusema kwamba 7.9 inatosha kila mtu. Kwa mzee mwenye mishipa ya moyo iliyoziba ningeshika fomu ile kwa mikono miwili.

Kwa hiyo tulimwangalia yeye. Mkojo ulikuwa mwingi. Lakteti, ambayo hupanda mwili ukikosa oksijeni, ilikuwa ya kawaida na inashuka. Oksijeni ya damu inayorudi moyoni ilikuwa asilimia 68, maana mwili haukuwa unakamua damu kwa njaa. Mrija ulikuwa unatoa mililita 20 kwa saa, safari hii ukiwa wazi na presha zimetulia. Alikuwa ameamka, anaomba maji. Nikamwambia, "Daktari, hizo chupa zikae tu karibu. Tupime tena saa sita baadaye." Daktari wa nusukaputi alikubali. Kipimo cha pili kilikuwa 8.1, na chupa zote mbili zikarudi benki ya damu zikiwa bado ndani ya muda wake.

Jambo dogo linalohusiana na hilo: ICU huchukua damu ya vipimo mara nyingi sana, na mililita 40 kwa siku si ajabu. Kwa mama wa kilo 52 hiyo si kidogo. Tulitumia vichupa vya watoto, tukarudisha ile damu ya kwanza inayotolewa kwenye laini ya mshipa badala ya kuimwaga, na vipimo vilivyoandikwa kwa mazoea tu vilifutwa.

Yaliyobaki

Alitoka hospitali na vali bandia ya mitambo, na vali ya namna hiyo ni warfarini maisha yote, kwa INR ya juu kuliko aliyozoea, 2.5 hadi 3.5. Kwa hiyo ile hedhi iliyommalizia madini ya chuma itarudi ikiwa nzito vilevile au zaidi. Daktari wa wanawake alimshauri koili yenye homoni, inayopunguza sana damu ya hedhi, na akakubali baada ya kuzungumza na mume wake. Alipewa chuma cha kuendelea nacho, na kipimo cha himoglobini kimepangwa pamoja na kila kipimo cha INR, kwa sindano hiyohiyo.

Ninaloomba kwa kliniki zinazotuletea wagonjwa wa vali kutoka kaunti mbalimbali ni dogo. Mgonjwa anapoandikiwa barua ya rufaa, apimwe himoglobini, feritini na kundi la damu siku hiyo, na majibu yaandikwe kwenye barua yenyewe. Wengi husubiri miezi kabla ya kupata tarehe Nairobi. Miezi hiyo inatosha kabisa kujaza ghala la chuma, na kwa mwenye damu hasi, inatosha kutafuta wachangiaji bila familia kukimbizana na saa. Sasa hivi wengi tunawapima wiki ya kulazwa, wakati ambapo dripu ya chuma haiwezi tena kuwasaidia.